Mchujo wa timu ya kodi

Mikindani, Mtwara
Septemba

Somoe wangu,

Salaam aleikum. Huku sote wazima, bibi anakusalimu, na Chitanda karudi salama. Mikorosho imetoa maua, baba kutwa yuko shambani na bomba la salfa. Mengine tutaongea, nina shida na wewe ndiye wa kunitatulia.

Chuo kikifunguliwa tu kuna mchujo wa timu ya mahakama ya kuigiza, upande wa kodi. Unasimama mbele ya walimu kama wakili mbele ya Mahakama ya Rufani, unatetea upande uliopangiwa, nao wanakukatiza watakavyo. Mimi nimepangiwa mlipakodi. Kesi ni ya kutunga: mwaka 2015 kiwanda cha kubangua korosho huku kusini kiliwalipa wahandisi wa Vietnam kwa kuchora mitambo. Walichorea huko huko, Tanzania hawakukanyaga. Kamishna Mkuu wa TRA anadai kiwanda kilipaswa kukata kodi ya zuio, asilimia 15, kabla ya kutuma hela.

Ukisikia hivyo unaona mteja wangu ana haki. Sasa kuna kesi ya kampuni ya Tullow, rufaa ya madai namba 24 ya 2018. Ndio hao hao waliokuwa wakitafuta mafuta na gesi Lindi na Mtwara! Mahakama ya Rufani ikasema kinachotazamwa ni huduma imetumika wapi, si mtoa huduma alikaa wapi akiifanya. Nitasimamaje mbele ya mahakama hiyo hiyo nikaomba kinyume chake?

Nimepata njia mbili. Moja ni kushikilia kifungu cha 69 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, kinachotaja malipo yapi yanahesabiwa kuwa yametoka Tanzania, kama kilivyosomeka wakati ule. Pale mlipaji alipokuwa Serikali, Bunge lilisema wazi kwamba mahali kazi ilipofanyika si hoja. Kwa wengine halikusema. Kwa nini mahakama ilisemee Bunge? Waingereza wana kesi yao ya Cape Brandy, ya 1921: kodi haidhaniwi, inasomwa ilivyoandikwa. Njia ya pili ni kusema michoro ilitumika Vietnam, kwenye karakana iliyounda mitambo, na kilichoshuka bandarini Mtwara ni mashine, si huduma. Hii ya pili naipenda mno, nalala nayo naamka nayo. Ila naogopa mwalimu atauliza: na hiyo mashine inabangua korosho za wapi? Hapo ndipo ninapokwama, Somoe. Nikijibu "za Newala" nimejimaliza.

Hamza ananiambia niende jinai, kodi ni ya watu wa mahesabu. Simwelewi. Wewe umeona wazee wanavyopokea malipo ya korosho kwenye chama cha ushirika, karatasi ina makato mstari kwa mstari, mtu anatazama jumla ya chini anakunja anaweka mfukoni. Nataka kuwa mtu anayeweza kuisoma ile karatasi na kuuliza kila shilingi imekatwa kwa sheria ipi. Timu hii ndiyo mlango wangu. Nikiukosa mwaka huu… basi, sitaki hata kuuandika.

Ninachokuomba: njoo Jumamosi, ukae kiti cha jaji. Wewe tangu midahalo ya sekondari hujawahi kumwacha mtu amalize sentensi, na mimi nahitaji mtu wa hivyo. Usinionee huruma hata kidogo.

Utapanda basi la asubuhi, au Mama Lukia hatakuruhusu kulala? Nimpigie mimi? Ungekuwa wewe, ungeanza na Serikali kwenye kifungu cha 69 au na ile mashine? Na ile hukumu ya Tullow uliyochapisha bado unayo, au ulimpa Zuhura? Njoo nayo hata kama imechorwachorwa, yangu ina kurasa zisizosomeka.

Nijibu kabla ya Alhamisi, nimwambie bibi aloweke mbaazi.

Wako,
Mwanaisha