Barua kwa mwanangu: kwaya, Lejio na meza yenu

Mwanangu mpenzi,

Amani ya Bwana iwe kwenu. Huku Bagira sisi wazima. Baba yako anawasalimia; goti bado linamsumbua mvua ikinyesha, na mvua ya Bukavu unaijua.

Nimesikia wamekuchagua mtunza hazina wa shirika, jumuiya ya Wakristo wa mtaani kwenu. Hongera, mama. Ila nimepanga wiki yako kwa vidole nikaishiwa vidole: Jumanne kikundi chako cha sala, Lejio ya Maria, Jumatano shirika, Alhamisi na Jumamosi mazoezi ya kwaya, Jumapili baada ya misa kikao cha akina mama. Bwana yako yuko kwenye kamati ya ujenzi. Watoto wenu wakubwa wawili ni Waxaveri, chama cha vijana Wakatoliki, na hao siwagusi. Xaveri ilizaliwa hapa hapa Bukavu mwaka 1952, imelea hata wajomba zako. Watu wa nyumba moja, wote mnamtumikia Mungu, lakini hamwonani.

Nilipolala kwenu Alhamisi ile, kitinda mimba alisinzia kwenye kiti na viatu miguuni, vidole vimo kwenye sahani ya bugali na sombe, majani ya muhogo. Umeme ulikuwa umeenda. Dada yake anachemsha chai, simu ameishika kwa meno ili apate mwanga. Nikamuuliza kama wamesali. Akaitoa simu mdomoni, akanijibu: "Koko, mama anasali kanisani."

Amri za Kanisa ulizikariri kabla ya komunyo ya kwanza, nami nikikusikiliza jikoni. Ni tano: misa ya Jumapili na sikukuu, kuungama walau mara moja kwa mwaka, kukomunika wakati wa Pasaka, kufunga, na kulitegemeza Kanisa. Kamati haimo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, mwaka 1964, uliiita familia Kanisa la nyumbani. Basi hilo la kwenu nani analifungua jioni?

Shirika usiliache. Siku ya msiba, shirika ndilo linaloleta viti, makaa na watu wa kukesha nawe. Na jirani akikupita mwaka mzima bila salamu, kwenye shirika mtakaa benchi moja mtake msitake.

Lejio, nenda uongee na rais wa kikundi chenu. Mwanachama mtendaji anadaiwa mkutano kila wiki, huwezi kuwa wa nusu. Lakini kuna wasaidizi: hao wanasali rozari na sala za Lejio kila siku huko huko walipo, mkutano hawadaiwi. Omba uhamie huko. Hujatoka Lejioni, umerudi nyumbani tu. Mwambie faraghani baada ya misa, usingoje kikao, maana kikaoni kila mtu atataka kutoa ushauri.

Kwaya najua itakuuma. Sauti ya pili bila wewe itayumba kidogo, kisha watapata mwingine. Waimbaji Kadutu wamejaa. Siku hizi hata kurudi usiku si jambo la kuchezea. Utarudi watoto wakikua.

Na vikwembe, hivyo vitenge vya sare! Kila kundi na kikwembe chake, kila sikukuu rangi mpya, na ada ya shule inangoja. Nunua cha shirika, basi.

Jioni kuleni kwanza, wote pamoja, hata kama ni bugali na lengalenga tu. Mtoto mwenye njaa hasali, anahesabu Salamu Maria zilizobaki. Kisha tendo moja la rozari, siyo matano. Matano yako utamaliza mwenyewe wamelala. Bwana yako ndiye aanzishe, na asiseme amechoka, kwenye kamati mbona hachoki? Mdogo ataje wa kuombewa, hata akimtaja mbuzi wa jirani mwacheni. Jumamosi someni Injili ya kesho yake, ili padri akianza kuhubiri watoto wawe wameshaisikia.

Watasema umepoa. Waache waseme, kaye yako, daftari la hesabu za shirika, ikiwa safi hawatafika mbali. Na hiyo kaye uiandike kwa biki, siyo kwa kalamu ya risasi, na kila anayetoa makuta yake aweke sahihi mbele yako.

Jumamosi ninakuja na samaki wadogo, sambaza. Nikute mko nyumbani.

Mama yako