Nyama ikitoka, nafasi yake isijazwe na ugali

Mhariri,

Ushauri wa kula mboga zaidi na kupunguza nyama ni mzuri, ila mara nyingi hauvuki mlango wa jikoni. Nyumba nyingi hapa Nairobi nyama ikiondolewa, ugali ndio huongezwa. Sukuma inabaki kijiko kile kile pembeni ya sahani, na kabla ya saa nne usiku watoto wana njaa. Wiki haiishi, watu wamerudi kwa bucha.

Sukuma haiwezi kushika nafasi ya nyama kwa protini. Kazi hiyo ni ya maharagwe, ndengu, kunde, njahi na mbaazi. Kilo moja ya maharagwe makavu ina takriban gramu 200 za protini, karibu sawa na kilo ya nyama mbichi isiyo na mfupa, na yakiiva huzidi kilo mbili. Yakichanganywa na mahindi, protini hizo hukamilishana, kwa hivyo githeri si chakula cha kuonea haya.

Wanaokwepa maharagwe kwa sababu ya gesi tumboni wayaloweke usiku kucha, wamwage maji hayo, kisha wachemshe kwa maji mapya. Waanze na nusu kikombe kwa mtu, mara tatu kwa wiki, tumbo lizoee. Nyanya zingoje mpaka yaive, kwa kuwa uchachu huchelewesha kulainika. Yakikataa kuiva hata baada ya saa mbili, jiko halina kosa: ni maharagwe ya zamani yaliyokaa kwenye joto. Magadi yatayalainisha, ndiyo, lakini yanaharibu vitamini B1. Na wenye kikapu cha kupikia bila moto wawe waangalifu na maharagwe mekundu. Yana sumu ya asili ambayo joto la chini haliiondoi, na mlaji huishia kutapika. Yachemke kwa nguvu nusu saa kwanza, ndipo yaingie kikapuni.

Sasa sukuma yenyewe. Jioni kibandani, mama mboga hukunja majani kama sigara na kuyakata membamba kama nyuzi, halafu mteja anayaosha nyumbani, mara nyingine kwa maji mawili matatu. Vitamini C huyeyuka kwenye maji, na kila mahali kisu kilipopita ni mlango wa kutokea. Mwambie akupe majani mazima. Osha kwanza, kata upana wa kidole, kaanga kitunguu na nyanya kwa kijiko kimoja cha mafuta, tia mboga, geuza kwa dakika 4 au 5, uepue zikiwa bado kijani. Mafuta hayo ni ya lazima, maana vitamini A ya mboga haifyonzwi vizuri bila mafuta. Mboga za kienyeji kama managu na saga ni habari nyingine: uchungu wake unahitaji kuchemshwa, na maziwa au malai huupoza. Anayetafuta kalisi, madini ya mifupa, achague sukuma kuliko spinachi, kwa sababu spinachi ina oksaleti nyingi zinazoizuia kalisi kuingia mwilini.

Madini ya chuma ya mboga na maharagwe huingia mwilini kwa shida kuliko ya nyama. Limau, chungwa au kachumbari mezani husaidia. Chai huzuia, kwa hivyo isubiri saa moja baada ya mlo. Kwa wajawazito hili si jambo dogo.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, yaani sehemu tano za gramu 80. Viazi na mihogo havihesabiwi. Kwa nyama nyekundu, Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani unashauri isizidi gramu 500 iliyopikwa kwa wiki, ambayo ni karibu gramu 700 mbichi. Wengi mitaani hawafiki hapo. Ushauri wa kupunguza unamgusa zaidi yule wa nyama choma kila Ijumaa na Jumapili, na mla soseji na smokie za kila asubuhi. Hizo za viwandani ndizo za kuacha kwanza: mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliziweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani.

Nyama inayobaki iwe kiungo. Robo kilo ya nyama ya kusaga, ikikaangwa mpaka ikauke na kuwa kahawia, kisha ikachanganywa na vikombe vitatu vya ndengu zilizoiva, hutosha watu watano na ladha ya nyama inasikika. Anayetaka kuiacha kabisa asiache pia maziwa, mayai na omena bila kumeza vitamini B12, kwa kuwa mboga na maharagwe hayana. Upungufu wake unaweza kuchukua miaka kujitokeza, na ukifika huanza na uchovu na ganzi za miguuni ambazo watu hudhani ni uzee.

Mtaalamu wa lishe,
Kangemi, Nairobi