Wito wa Harambee: Tuurudishie Mtambo wa Redio Yetu Nguvu Zake

Ndugu wasikilizaji, wazee wetu, akina mama, vijana, viongozi wa dini zote, pamoja na ninyi mliohamia mbali ambao bado mnaifuata sauti ya nyumbani,

Tunawaandikia kwa heshima na, hatuna budi kusema, kwa haya kidogo, kwa kuwa si mara ya kwanza kubisha hodi kwenu. Ninyi ndio mliobeba vyuma vya mnara mabegani pale gari liliposhindwa kupanda. Ninyi ndio mliotoa mazulia yaliyopigiliwa kwenye kuta za studio ili kuzuia mwangwi, na michango yenu ndiyo iliyonunua mtambo wa kurushia matangazo ambao leo tunauombea msaada. Mwenye deni la namna hiyo hubisha kwa sauti ya chini. Hata hivyo, hali tuliyofikia hairuhusu tuendelee kunyamaza.

Mvua ilipozidi, maji yalipenya ndani ya kebo inayopandisha mawimbi kutoka chumba cha mtambo hadi kwenye antena. Kebo iliyoingia maji haifikishi nguvu yote juu. Sehemu yake hugeuka na kurudi ilikotoka, na nguvu hiyo iliyorudi ndiyo iliyounguza moduli mbili kati ya nne zinazokuza mawimbi kabla hayajarushwa. Mtu angedhani kwamba nusu ya moduli ikiungua, nusu ya nguvu hubaki. Sivyo. Mtambo wa aina yetu huzijumlisha moduli zote katika kiungo kimoja, na zinapobaki mbili kati ya nne, nusu ya kile zinachozalisha hupotea kama joto, hivyo kinachofika kwenye antena ni robo tu ya nguvu ya awali. Joto hilo ndilo linalotulazimisha kuzima matangazo kila siku jua linapokuwa kali, na kuwasha tena jioni tukimwomba Mwenyezi Mungu kwamba moduli zilizobaki zitaamka.

Masafa ya FM, yaani yale yaliyo kati ya megahezi 87.5 na 108, husafiri karibu kwa mstari mnyoofu, na anayeishi nyuma ya mlima huambulia masalia ya mawimbi. Nguvu ikishuka, yeye ndiye wa kwanza kupotea. Tuliyajua hayo kama elimu ya kitabuni mpaka asubuhi ile ya mvua kubwa, mto ulipofurika na daraja likafungwa. Mtangazaji wetu wa zamu alilisoma tangazo tena na tena, taratibu, kama alivyofundishwa. Waliokuwa upande wa huku walisikia na watoto wao walibaki nyumbani. Walio ng'ambo ya kilima walisikia mkwaruzo mtupu, na watoto wao walitembea hadi ukingoni wakakuta maji yamepita juu ya daraja, wakakaa pale wamelowa, vitabu vyao vikiwa vichwani, hadi watu wazima walipofika kuwarudisha. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyejaribu kuvuka. Mzazi mmoja alikuja studio siku iliyofuata, na alichotuuliza kilikuwa kifupi: kama hamsikiki siku kama ile, mnasikika kwa ajili gani?

Katika mikutano ya kuandaa harambee hii lilijitokeza swali jingine, ambalo tunaliheshimu na tungependa kulijibu kikamilifu. Vijana wetu wanauliza kwa nini tuchangie mnara wakati kila mtu ana simu, muziki wa dunia nzima uko mtandaoni, podkasti hazihesabiki, na redio yenyewe inaweza kusikika kwa intaneti bila kebo wala antena. Swali hili haliulizwi hapa peke yake. Norway ilizima matangazo ya FM ya stesheni zake za kitaifa katika mwaka 2017, ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo, na kuyahamishia kwenye mfumo wa kidijitali wa DAB+. Shirika la utangazaji la umma la Uswisi lilifuata tarehe 31 Desemba 2024, na likapoteza wasikilizaji wengi. Jambo ambalo wasimulizi wengi husahau ni kwamba huko Norway stesheni nyingi ndogo za mitaa ziliruhusiwa kubaki kwenye FM, kwa sababu hata nchi tajiri ilitambua kwamba gharama za kuhama si jambo dogo kwa stesheni ya jamii.

Hesabu za intaneti nazo zinafaa kutazamwa. Sauti inayotiririshwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban megabaiti 29 kwa saa, na kwa kilobiti 128 hula mara mbili ya hizo. Anayesikiliza saa 3 kila siku kwa kiwango kile cha chini atamaliza gigabaiti 2.6 kwa mwezi, na atakayezilipia ni yeye mwenyewe. Upande wetu pia, kila msikilizaji anayeongezeka mtandaoni huongeza mzigo kwenye seva. Mtambo wa FM ni kama taa iliyotundikwa juu: wakija kumi au elfu kumi kusoma chini yake, mafuta yanayoungua ni yale yale. Aliye maskini kuliko wote katika eneo letu husikia sawasawa na aliye tajiri, wala hakuna anayeandika jina lake wala kufuatilia alichosikiliza. Kwa maoni yetu, hilo la mwisho halithaminiwi inavyostahili.

Kuna pia suala la siku mbaya. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikabaki na intaneti ya kusuasua. Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico mwezi Septemba 2017, zaidi ya asilimia 90 ya minara ya simu iliacha kufanya kazi, na watu walikusanyika kusikiliza WAPA Radio, stesheni iliyobaki hewani, iliyogeuka kuwa mahali pa kuulizia ndugu waliopotea. Tarehe 28 Aprili 2025 umeme ulipokatika Hispania na Ureno, watu walitafuta redio za betri madukani, wakiwamo bila shaka wengi waliokuwa wameamini kwamba redio ni kifaa cha babu zao. Hatutaji mambo haya ili kuwatisha. Tunayataja kwa sababu tuliyoyaona pale darajani ni mambo hayo hayo katika kipimo chetu kidogo.

Hata hivyo hatusemi kwamba intaneti ni adui. Ndani ya kamati walikuwapo waliotaka fedha zote ziende mtandaoni na waliotaka hata senti moja isiende huko, na ubishi ulikuwa mkali hadi usiku. Uamuzi uliopatikana ni kwamba fungu kubwa litanunua kebo mpya, antena na moduli mbili. Fungu la pili litanunua betri na paneli za jua ili mtambo usizimike pamoja na gridi. Na fungu la tatu, dogo zaidi, litatuwezesha kutiririsha matangazo mtandaoni na kuhifadhi vipindi ili aliyekosa asikilize baadaye. Hilo la tatu si pambo. Simulizi za wazee zilizorekodiwa studio kwetu ziko kwenye diski moja chakavu, na ikifa, zimekwenda. Tunawaomba pia vijana wakague simu zao, maana simu nyingi zina uwezo wa kupokea FM bila kutumia data, waya wa vipokea sauti vya masikioni ukiwa ndio antena, ingawa baadhi ya watengenezaji huuacha uwezo huo umefungwa.

Lakini njia ya kusikilizia haiwezi kuzaa cha kusikiliza. Matangazo ya biashara yaliyokuwa yakitulipia umeme yamehamia kwenye mitandao mikubwa, na mitandao hiyo haimtumi mtu kuhudhuria kikao cha maji, haisomi majina ya waliolazwa wanaohitaji damu, wala haimuulizi diwani swali moja mara ya pili anapokwepa kujibu. Wanaofanya hivyo hapa ni watangazaji wa kujitolea, wengi wao wakija kwa miguu, na tangu matangazo ya mchana yasimame wameendelea kuja kwa wakati ule ule kuandaa habari za jioni. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa wamecheza kwao kwa muda mrefu sasa, na tunaomba mtusamehe tukisema kwamba vifijo vimekuwa vingi kuliko tunzo.

Neno hili linawahusu kwa namna ya pekee ninyi mlio mbali. Maombi ya nyimbo na salamu mnayotuma ni mengi, na tunayasoma yote kwa furaha, tena tunajivunia kwamba mmefika mlikofika; lakini orodha ya wachangiaji wa mara iliyopita inaonyesha kwamba wajane wa hapa hapa walitoa wakati baadhi ya waliokuwa wakiagiza nyimbo kila wiki hawakuonekana. Hatutasoma majina. Tunajua pia kwamba kila mmoja ana mizigo yake.

Kwamba wasikilizaji wanaweza kuibeba stesheni yao si ndoto. KPFA ya Berkeley, California, ilianza mwaka 1949 ikitegemea michango ya wasikilizaji badala ya matangazo ya biashara. Mwaka uliofuata fedha ziliisha na ikanyamaza. Waliokuwa wakiisikiliza hawakukaa kulaumu. Walichanga, na mwaka 1951 ikarudi hewani, na hadi leo ingali inatangaza.

Harambee itafanyika tarehe 13 Februari, Siku ya Redio Duniani, katika uwanja wa stesheni, na itafunguliwa kwa sala na dua za viongozi wa dini zote. Kila atakayetoa, kidogo au kikubwa, fedha taslimu au ahadi, atapewa risiti yenye muhuri. Hakuna malipo yatakayofanyika bila saini tatu. Hesabu zitakaguliwa na mtu asiye mjumbe wa kamati, zitabandikwa mlangoni mwa studio, na zitasomwa hewani mstari kwa mstari, kipindi kikiwa wazi kwa maswali.

Asiye na fedha anaweza kutoa kazi. Tunahitaji mafundi umeme, wachomeleaji wa kuimarisha ngazi ya mnara, na vijana wa kuchimba mtaro wa waya wa radi. Kebo itabadilishwa alfajiri ya siku inayofuata, kabla jua halijapanda. Wenye ujuzi wa kupanda minara wajiandikishe mapema na waje na mikanda yao ya usalama, kwa kuwa mikanda ya stesheni imechakaa na fundi mitambo wetu amekataa, kwa haki kabisa, kumruhusu mtu yeyote apande nayo.

Wenu katika utumishi,
Kamati ya Harambee, kwa niaba ya Bodi na Watangazaji