Asante sana kaka wa yadi ya Ngong Road
Wadau acheni nimshukuru hadharani kijana mmoja anauza magari Ngong Road hapa Nairobi, jina silitaji maana mwenyewe hapendi makuu. Natafuta Subaru WRX STI ya manual tangu Januari na yadi 3 zimekataa niiendeshe, moja wakaniambia nilipe deposit kwanza ndio niguse usukani, kisa nimeshuka kwa matatu. Huyu hakuniuliza nina pesa ngapi. Aliangalia leseni, akaipiga picha, akampigia bosi kuhakikisha bima inanikava, halafu akawasha gari tukangoja kama dakika 10 kwa sababu turbo, ile inayosukuma hewa zaidi kwenye injini, haitaki kukimbizwa injini ikiwa baridi. Akaendesha yeye mpaka Southern Bypass ndio akanipisha. Gia ya pili kuingia ya tatu ikakwaruza, nikadhani ni mguu wangu, akasema hebu rudia, ikakwaruza tena, akaniambia wazi gearbox hii imeanza kuchoka, usilipe bei hiyo kabla fundi wako hajaikagua. Na yeye ndiye muuzaji! Kaka Mungu akubariki sana. Wenye yadi wengine, mteja akija na leseni mpeni funguo mkae naye kando, anunue kitu amekijua. Jumamosi narudi kwake na fundi.