Ingia kwenye mtihani kwanza, mama

Newala, Jumapili usiku

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Mengine yote nimeyastahimili, ila lile la mwisho limeninyima usingizi: kwamba huoni sababu ya kuingia kwenye chumba cha mtihani kwa kuwa namba ni maya, yaani njozi tu, na aliyeijua Brahman, ule uhalisi mmoja wanaousema Wahindi, hana tena cha kuhesabu. Umebakiza mitihani minne, mama. Minne! Miaka mitatu yote uliyosota huko, imebaki minne tu.

Sikukatazi kusoma falsafa ya Wahindi. Nimefundisha hesabu mpaka nikastaafu, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama pembetatu ipo kweli au tunaiota. Wewe umeuliza. Nilimsomea mama yako sehemu ile kwa sauti, nikajiona mtu mkubwa. Lakini umeuliza kwa pupa, kama ulivyo tangu utoto, ukakimbilia jibu kabla ya kumaliza kazi.

Chukua huo mfano wa Shankara, mwanafalsafa wao. Mtu gizani ameona kamba, akadhani nyoka. Taa ikiletwa, nyoka hayupo. Sawa. Sasa ilete hiyo taa kwenye pembetatu uliyoichora kwenye karatasi. Jumla ya pembe zake ni nyuzi 180 kabla ya taa, na ni 180 baada ya taa. Najua utanirukia na pembetatu ya juu ya mpira, ambayo pembe zake huzidi 180. Huzidi kwa kanuni, mwanangu, si kwa kupenda kwa mtu.

Tena umeandika mwenyewe kwamba Shankara anatenga ngazi: ndoto chini, maisha haya ya kila siku katikati, Brahman juu. Basi mtihani uko ngazi ya katikati, na yeye mwenyewe hakuiruka ngazi hiyo. Mtu wa karne ya 8 aliyesema dunia ni maya alikaa kitako akazifafanua Upanishadi, maandiko yao matakatifu, neno kwa neno. Umejisajili lakini? Hukuniambia.

Nimelala na hilo neno advaita, jina la falsafa ya Shankara. Isiyo mbili. Hata kuikana mbili, lazima kwanza uijue mbili. Lakini sitakuficha: huko juu kabisa hata mimi sijui kama namba zinafika. Tukisema Mungu ni Mmoja, mashekhe wetu hutufunza kwamba si mmoja yule wa kuhesabu, anayefuatwa na wa pili. Kwa hiyo huenda kuna kitu umekigusa, na ningependa tukae barazani unieleze vizuri, ukiwa umeshamaliza.

Gödel lakini, yule mtaalamu wa mantiki uliyemleta awe shahidi wako, mwache. Alichothibitisha mwaka 1931 ni kwamba mfumo wa kanuni unaoweza kubeba hesabu za kawaida, na usiojipinga, una kauli za kweli ambazo wenyewe hauwezi kuzithibitisha. Maana yake ukweli umezidi uthibitisho. Njozi iko wapi hapo? Ukimjibu mwalimu wako ulivyonijibu mimi, atakufelisha na atakuwa na haki. Na huyo Ramanujan wako, mwanahisabati wa Kihindi aliyesema fomula alikuwa akionyeshwa na mungu wa kike Namagiri, kumbuka aliamka akaziandika daftarini. Kumbuka pia kwamba alipoteza ufadhili wa chuo kwa kufeli masomo mengine. Sitaki yakukute.

Mimi kamba ninayoijua ni nyingine. Msimu ule nilipostaafu, ulipokuwa unaingia kidato cha tano, nilikuwa karani wa mizani ghalani. Akaja mama mmoja na kamba ya ukindu yenye mafundo, fundo moja kwa kila debe la korosho alilopima kwake. Kusoma hajui. Akaipitisha ile kamba vidoleni, fundo kwa fundo, macho kwenye mshale, kisha akasema taratibu, "Mwalimu, zimepungua." Mizani ilikuwa imechezewa, na habari hiyo haikuwa ngeni kwangu. Niliandika mshale ulivyosema. Ada yako ilikuwa inadaiwa. Akaikunja kamba yake, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka.

Yule mama usimwambie namba ni maya.

Huku salfa tumepiga mara mbili, na ile mikorosho ya bondeni imeanza kuchanua, ila ugonjwa wa ubwiriunga umeishika miwili ya mwisho. Kisima cha maji ya mvua kimepasuka upande wa jikoni. Fundi anataka mifuko mitatu ya saruji, nami nimemwambia asubiri. Mdogo wako amechukua daftari lako la kidato cha sita bila ruhusa, analala nalo. Mama yako goti linamsumbua akitoka bombani na ndoo, lakini hataki lisemwe.

Nauli yako ya kurudi nimeshaitenga, iko kwenye kopo la kahawa, haiguswi. Siku ya mtihani wa kwanza ukitoka tu nitumie neno moja: nimeingia. Nitakuwa shambani, lakini simu nitaifunga kiunoni.

Babako