Mtazame aliye nyuma yako

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wenzangu tunaosafiri kwa makundi ya pikipiki. Kwa miaka mingi mimi ndiye ninayefunga msafara, na ukikaa mkiani unaona mambo ambayo kiongozi hayaoni kabisa.

Ninachokiona zaidi ni kukimbizana. Wa kwanza akimaliza kona akaongeza mwendo kidogo tu, wa pili anaongeza ili asiachwe, wa tatu anaongeza zaidi, na wa nane anajikuta anaiingia kona ileile kwa kasi asiyoimudu. Mkifika, kiongozi anaapa hakuvuka kilomita 80 kwa saa, na anasema kweli. Wa mwisho alikuwa kwenye 110 akimtafuta.

Kwetu tumekubaliana hivi: kila mmoja ana dhamana ya mtu mmoja, aliye nyuma yake. Mtazame kwenye kioo. Asipoonekana, punguza mwendo. Aliye mbele yako naye atakukosa, atapunguza, mpaka habari imfikie kiongozi bila simu wala redio. Kwenye njia panda usigeuke kabla hajakuona unakoelekea.

Vifaa vya kuzungumzia ndani ya helmeti vinasaidia, nami ninacho. Ila betri huisha, na si kila mtu anavyo. Ishara za mikono ndizo za wote, mradi wote wazisome namna moja. Siku moja mwenzetu aliteremsha mkono wa kushoto akimaanisha "simameni". Mgeni aliyemfuata alielewa "punguzeni", na nusura ampande. Bado naikumbuka sauti ya yale matairi. Tangu hapo hatuwashi injini kabla ya kusimama duara, kila mtu aonyeshe kwa mkono wake mwenyewe: simama, punguza, shimo, mstari mmoja, mafuta yanaisha. Ni kazi ya dakika 5. Tunatumia mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ndio wa kuongezea mafuta na wa breki ya mbele. Lakini huo wa kushoto ndio wa klachi, kwa hiyo katikati ya kona iache mikono kwenye usukani. Shimo lililo kulia lionyeshe kwa mguu.

Kuhusu nafasi, kwenye barabara pana iliyonyooka tunakwenda kwa kupishana, mmoja upande huu wa njia, anayefuata upande ule. Acha sekunde 1 kwa aliye upande wa pili, na sekunde 2 kwa aliye mbele yako moja kwa moja. Kwenye kilomita 80 kwa saa, sekunde 2 ni kama mita 44. Wengi huziona nyingi wakaziziba, kumbe ndizo za kufungia breki. Kwenye kona au barabara nyembamba, mstari mmoja.

Na tafadhali, mtu asilipite lori kwa sababu mwenzake amepita. Yeye aliiona barabara yake. Wewe ukifika pale imekwisha kubadilika.

Mwisho ni wageni. Makundi mengi huwaweka nyuma, kule kule mwendo unakokuwa mkali kuliko kote. Mahali pao ni nyuma tu ya kiongozi, na kiongozi anayeona mgeni atamchelewesha ampishe mwingine aongoze.

Msomaji wako,
Mfunga msafara