Mpango wa majanga ufuate mvua, si uchaguzi

Kwa Mhariri,

Kila mafuriko yakitokea hapa Nakuru tunaambiwa mpango wa kukabiliana na majanga upo. Nauliza tu: mara ya mwisho ulifunguliwa lini?

Kaunti zetu hupanga mambo makubwa kwa miaka 5, gavana akiingia na mpango wake na kuondoka nao. Kwa barabara na masoko, sawa. Mvua haina habari na kura. Mei 9, 2018, bwawa la shamba lilipasuka Solai na kuua zaidi ya watu 40, tukaanza kuogopa mabwawa. Aprili 29, 2024, maji yakaua makumi ya watu Mai Mahiu, kaunti hii hii, na wengi tukadhani ni bwawa tena. Kumbe kalvati iliyo chini ya tuta la reli ilikuwa imeziba, maji yakajaa nyuma yake mpaka tuta likabomoka. Kati ya misiba hiyo miwili Ziwa Nakuru lilizidi kupanda, likafukuza watu majumbani mwao pande za Mwariki na Barut. Aliyeandika mpango akiwa na hofu ya Solai angehesabu mabwawa yote, na kalvati ile asiitazame.

Marekani, tangu sheria yao ya mwaka 2000, serikali ya mtaa isiyohuisha mpango wake ndani ya miaka 5 hukosa baadhi ya fedha za serikali kuu za kupunguza majanga. Ninachokionea wivu hapo ni hicho kibano cha pesa. Miaka 5 yenyewe ni mingi mno kwetu. Ramani ya mabonde inaweza kudumu muda huo, ziwa lisiposogea. Lakini simu ya chifu aliyehamishwa, shule ya kupokea waliohama makwao, mtaro uliojaa taka na magogo: hayo hubadilika kila msimu.

Wala hatuhitaji kalenda mpya. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inaitaka kaunti iwasilishe katika bunge lake mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba 1, kabla ya vuli, na waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, kabla ya masika. Utadhani tarehe hizo zilichaguliwa na mkulima! Basi kila mara hati hizo zikienda bungeni, ziambatane na mpango wa majanga uliopitiwa upya: mabwawa na kalvati zilizokaguliwa, zilizopatikana na kasoro, na pesa za kuzirekebisha. Machifu na wazee wa nyumba kumi washirikishwe, maana wao ndio wanaojua maji hupita wapi usiku. Na msiba ukitokea, mpango ufunguliwe mara moja bila kungoja msimu.

Waheshimiwa MCA, yaani wawakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, wakiletewa hati isiyo na ukurasa huo, wairudishe.

Mkazi wa Mwariki,
Nakuru